Nyama za Puani na Chai ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, watu wa Matogoro. Mh, hiyo amina ni ya wagonjwa. Bwana asifiwe! Haya, hiyo nimeisikia.

Mchungaji amenipa dakika kumi. Mchungaji, nakuheshimu sana, lakini dakika kumi ni za mtu aliyepona malaria. Mimi naomba univumilie kidogo, na watu wenye sufuria jikoni watanisamehe.

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Mimi ni mama Furaha, muuza dagaa wa Nyasa pale sokoni Songea mjini. Na wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka juzi nilisimama hapa hapa, nimevaa kitenge kipya, nikashuhudia kwamba nimefunguliwa. Mlipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikalia kwa furaha. Leo nimekuja kuwaambia kwamba ushuhuda ule ulikuwa wa uongo. Sikujua kama ni uongo, Mungu ananiona, lakini uongo ulikuwa, na ulimtoa mtu nyumbani kwa mwanawe. Nimekuja kuufuta na kutoa wa kweli.

Ilianza kama mafua tu. Mtoto wangu wa pili alikuwa hajaanza kutambaa. Nikasema ni vumbi la kiangazi, litapita. Mvua zikaja, vumbi likaisha, mafua yakabaki. Pua ikaziba huku, kesho ikaziba kule, mwisho ikaziba zote mbili ikakaa hivyo. Nikawa napumua kwa mdomo kama kuku aliyekimbizwa. Halafu kipandauso! Wenye kipandauso mnakijua. Hapa chini ya macho, hapa katikati ya nyusi, hadi kwenye meno ya juu. Nikiinama kuinua kiroba cha dagaa nilikuwa naona kama uso wote unataka kudondoka chini.

Baadaye harufu ikaondoka. Hebu fikirini, muuza dagaa asiyesikia harufu. Nilimuuzia mteja dagaa waliooza, mimi nikiwasifia kabisa kwamba hawa wametoka ziwani juzi. Alirudi nao akanimwagia mezani mbele ya watu, akaniuliza kama nina pua au nina pambo. Nilikasirika, nikamjibu vibaya, lakini yule mama alikuwa amesema kweli.

Na mwaka uliofuata ikaja pumu. Kwetu hakuna mwenye pumu, si kwa baba wala kwa mama. Mtu mzima nimeshazaa watoto wawili, ndiyo kwanza kifua kinaanza kupiga filimbi. Hapo ndipo watu walipoanza kunong'ona.

Sasa niwaambie habari za mama mkwe wangu, maana ushuhuda huu ni wake kuliko wangu. Mama yake baba Furaha anaitwa Sabina. Alikuwa analima tumbaku na mahindi huko Namtumbo pamoja na baba mkwe. Baba mkwe alipofariki, mume wangu akamleta mama hapa Matogoro tuishi naye. Ni mwanamke mkimya. Ukimkosea hasemi, ukimpendeza hasemi. Anafanya kazi tu. Alipoona nimeshika kichwa nakunja uso, hakuniuliza maswali. Alibandika chai, akaniletea kikombe na vidonge viwili vya kichwa, aspirini za dukani, akaniwekea pembeni na kwenda zake shambani. Kila nikishika kichwa, chai na vidonge viwili. Mimi nakunywa, nameza, na baada ya muda kidogo kifua kinabana, macho yanatoka machozi, pua inamwaga maji, uso unakuwa mwekundu, nakosa hewa.

Mtu akikuangalia kutoka nje, anaona nini? Anaona mkwe amepokea kikombe kutoka kwa mama mkwe, na kabla jua halijasogea mkwe anakata roho.

Nikaenda hospitali. Siitaji jina, ziko nyingi. Yule aliyenipima alikuwa na foleni mpaka uwanjani, akanimulika puani kwa kurunzi, akasema, "Mama, una nyama puani," akaandika, akaita mwingine. Nami sikuuliza. Sisi ukiambiwa na mtu mwenye koti jeupe unasema asante unaondoka.

Nikarudi na neno langu hilo. Nyama puani. Jumatano nikalieleza kwenye kikundi cha maombi. Kuna dada mmoja, simtaji, yupo humu na anajijua, na mimi na yeye tumeshaongea tukamaliza, akaniangalia hivi, akasema, "Nyama imeingiaje puani, mama Furaha? Umelishwa."

Ndugu zangu, kwetu huku mtu akikuambia umelishwa nyama, haongelei mchuzi. Anamaanisha wachawi wamekupa nyama usingizini, nyama ya mtu, uwe mwenzao au ufe. Nikamwamini palepale. Akaniuliza, nani anakupa chakula pale nyumbani? Mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu nikasema, mama mkwe. Akaniuliza, na ukishakula au kunywa cha mkononi mwake unajisikiaje? Nikasema, nakabwa. Basi. Hakuna aliyeuliza swali lingine. Hata mimi sikujiuliza lingine.

Nilianza kwa kuacha nyama. Kuku, ng'ombe, mbuzi, hata maharage yaliyopikwa kwenye sufuria iliyopikiwa mfupa sikugusa. Nilidhani nikikata huku, za puani zitakufa njaa. Mnacheka, na mcheke, mimi nilikuwa nafanya kwa imani. Baba Furaha alikuwa anakula fungu langu na kunihurumia huku anatafuna. Pua haikufunguka hata upande mmoja.

Halafu nikaacha chakula cha mama. Anapika, mimi nasema nimeshiba. Anatenga maji ya kuoga, mimi nayamwaga nateka mengine. Wanakikundi wakija nyumbani akawaandalia chai, hakuna anayeigusa, vikombe vinapoa mezani mpaka vinaota utando. Mama akawa anavikusanya na kwenda kuviosha. Watoto nikawakataza kupokea hata karanga mkononi mwa bibi yao. Mwisho nikamwambia mume wangu, chagua, mimi au mama yako. Nilisema hivyo. Nikasema kama ananizika, amzike pia aliyeniua.

Baba Furaha ni mtu mpole, na alikuwa ameniona ninavyokabwa. Aliogopa. Akamfungashia mama yake vitu kwenye mfuko wa salfeti, akampeleka stendi kupanda gari la Namtumbo. Wakati anatoka mlangoni mama alisimama mbele yangu akaniuliza, "Mwanangu, mimi nimekulisha nini?" Nikageuza uso. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Na kweli, baada ya pale nilipata nafuu! Wiki mbili nzima sikukabwa. Pua ilikuwa imeziba vilevile, lakini kifua kilitulia. Ndipo nilipokuja hapa na kitenge kipya nikashuhudia kwamba aliyenilisha nyama ameondoka na Bwana amenifungua. Jina lake nilitaja. Mbele ya wajukuu zake. Wapo wanaokumbuka.

Nafuu ile ilitoka wapi? Nitawaambia. Mama alikuwa ananunua vidonge kwa pesa yake, navyo sikuwahi kuvikataa maana ni vya dukani, na alipoondoka viliisha, na mimi wiki hizo mbili nilijikaza sikununua vingine kwa sababu ya mfungo. Ni hilo tu. Lakini kipandauso kikarudi kwa nguvu, nikatuma mtoto dukani, nikameza, nikakabwa. Wenzangu wakasema mama anatupa uchawi kutoka mbali. Namtumbo hadi Songea, anatupa na anapata!

Na ikawa hivi, mashambulizi yalikuwa yanakuja zaidi Jumatano na Jumapili. Kwa nini? Kwa sababu spika za kanisa letu, Mchungaji nisamehe, zinapasua kichwa. Mimi kabla ya kutoka nyumbani nameza vidonge viwili kabisa ili niweze kukaa. Tukifika kwenye maombi, vinaanza kazi, mimi chini. Wenzangu wanasema pepo amekasirika kusikia maombi. Pepo gani huyo alikuwa anaijua ratiba ya kanisa kuliko mzee wa kanisa.

Kuna Jumapili moja nusura niwaage. Wengi mlikuwepo. Nilianguka pale, karibu na kinanda. Mkaniombea muda mrefu, kwa upendo, siwalaumu. Nilikuwa nasikia kila neno lakini hewa haiingii. Unavuta, haiingii. Unaona watu wako mbali. Nikawaza watoto wangu, nikawaza nani atawasuka nywele. Baba Furaha aliangalia midomo yangu, akaona imekuwa ya bluu, akaninyanyua. Mtu akamzuia, akamwambia usimtoe katikati ya maombi, pepo hajatoka. Mume wangu ambaye hajawahi kupaza sauti tangu nimjue akasema, "Mtakuja kuombea maiti!" Akanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma amenishika, hadi hospitali. Wakanivalisha barakoa ya mvuke, wakanichoma sindano, na hewa ikarudi. Ndugu zangu, mshukuruni Mungu kwa hewa. Hatuihesabu kama kitu, lakini ni kitu.

Pale wodini wakaniuliza, kama wote waliotangulia walivyoniuliza, "Mama, unatumia dawa yoyote?" Nikajibu kama nilivyowajibu wote. Hapana. Na sikuwa nadanganya. Kwangu mimi dawa ni ile unayoandikiwa, unapewa na bahasha, unaambiwa asubuhi na jioni. Vidonge vya kichwa vya dukani, vinavyokaa kando ya kiberiti na sabuni, nani anaviita dawa?

Siku ya kuruhusiwa daktari akaniambia kuna watafiti wamekuja kutoka Dar es Salaam, wanachunguza watu wenye mafua sugu na nyama za pua, hasa wale wenye pumu pia. Akaniuliza kama ninakubali kushiriki. Nilitaka kukataa. Nilisikia neno utafiti nikajua wanataka damu yangu wakaiuze. Lakini aliyekuja kunisomea fomu alikuwa binti mdogo wa Kiislamu, mtoto wa Tunduru, anaitwa Rehema. Akapiga goti kidogo, "Shikamoo mama." Akanisomea karatasi yote taratibu. Akaniambia, "Hapo ukisema hutaki, mama, hakuna atakayekukasirikia, na matibabu yako utapata vilevile." Mimi mtu akinipa ruhusa ya kukataa, moyo unalainika. Nikaweka sahihi.

Akaanza maswali. Mengi, ndugu zangu! Kuni au mkaa? Umewahi kufanya kazi ya tumbaku? Unasikia harufu ya sabuni? Ya kahawa? Akafika kwenye lile swali, unatumia dawa gani. Hakuna. Akaandika hakuna. Akataka kuendelea, halafu akasita, akaweka kishikwambi chake mapajani. Akasema, "Mama, tuliache hilo. Hebu nisimulie Jumapili ile. Tangu umeamka mpaka umeanguka, mdomoni kwako kilipita nini? Hata maji."

Nikamsimulia. Maji ya kusukutua. Uji wa mahindi, hauna maziwa. Kiazi nusu nilichomalizia cha mtoto. Vidonge viwili vya kichwa. Pipi ya tangawizi njiani.

"Vidonge gani, mama?"

"Si vya kichwa tu. Aspirini."

Rehema akakichukua tena kishikwambi. Akaniuliza na siku nyingine niliyokabwa. Nikakumbuka, vidonge. Na nyingine. Vidonge. Na siku ile niliyokabwa sokoni? Hapo nilikuwa nimenunua vya rangi nyingine, diklofenaki, jirani alinisifia. Na alipokuwepo mama yangu mkwe? Chai na vidonge viwili. Na zile wiki mbili nilizopona? Hakukuwa na vidonge, vilikuwa vimeisha. Nikajishika kifua pale kwenye benchi. Binti wa watu akadhani ninakabwa tena, akamwita daktari.

Daktari akakaa na mimi, akanichorea kwenye karatasi. Ndani ya mifupa ya uso, hapa na hapa, kuna mifuko ya hewa. Ngozi laini ya ndani yake ikivimba miaka na miaka, inajaa maji na kuning'inia puani. Watu wanaiita nyama, lakini siyo nyama. Akasema wapo watu ambao mambo matatu yanatembea pamoja, uvimbe huo wa puani, pumu inayoanza ukubwani, na mwili kuikataa aspirini na ndugu zake, diklofenaki na wengine wa ukoo huo. Akasema watafiti wanafuatilia watu kama mimi kwa sababu wengi hawajulikani, wanameza kila siku na hawasemi, maana hawaoni kama ni dawa. Akanionya nisije nikajaribu kumeza tena nyumbani nione kama ni kweli. Nikamwambia daktari, mimi nimeshajaribu miaka minne.

Aspirini nikaacha siku ileile. Nilipewa dawa ya kuvuta kwa ajili ya kifua na dawa ya kupuliza puani, nikafundishwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Baadaye nikafanyiwa upasuaji, wakapitia puani humuhumu, uso haukuguswa. Sitawaficha, wameniambia uvimbe unaweza kuota tena, ndiyo maana narudi kila wanaponiita, wananichungulia kwa kamera ndogo, Rehema ananiuliza maswali yake. Lakini ninapumua, jamani! Ninalala mdomo umefungwa. Naimba sauti ya kwanza wimbo mzima bila kukaa chini.

Na harufu ikarudi. Niliamka asubuhi nikasikia kitu kibaya sana ndani ya nyumba. Nikamwamsha mume wangu, nikamwambia kuna kitu kimekufa. Akasema, "Ni dagaa zako, mama Furaha. Ziko uvunguni." Nikamuuliza, miaka yote hii umelala juu ya harufu hii? Akasema, "Nilikuwa nasubiri upone ndiyo nikuambie."

Sasa, ndugu zangu, mtu angeishia hapo. Mungu asifiwe, mgonjwa amepona. Lakini mimi nilikuwa nimepona pua, moyo ulikuwa unanuka. Kila nikivuta hewa nzuri nilikuwa nasikia, "Mwanangu, mimi nimekulisha nini?" Nikapanda gari, nikaenda Namtumbo peke yangu.

Nilimkuta mama anapukuchua mahindi kibarazani. Amekonda. Nikapiga magoti pale chini, nikasema shikamoo mama, akaitika marahaba, akaendelea kupukuchua. Nikamweleza yote. Pua, mifuko ya hewa, aspirini, kikombe cha chai, vidonge viwili. Nilidhani nikimaliza atafurahi, atajua jina lake limesafishwa. Mikono yake ikasimama. Akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo ni kweli. Ni mimi niliyekuwa nakuua."

Sijawahi kulia hivyo. Kumbe kule Namtumbo peke yake alikuwa na kitu kimoja tu cha kushikilia, kwamba mkono wake hauna kosa, na mimi nimekuja kumnyang'anya hata hicho. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwambia, hapana mama. Wewe ndiye pekee uliyeniona naumwa ukanyanyuka. Sisi wengine tulikuwa tunatafuta mchawi, wewe ulikuwa unatafuta dawa. Hukujua, na mimi sikujua, na aliyejua ni Mungu, akatuma mtoto wa Tunduru aje kuniuliza nimekula nini. Nikamwambia, ukinisamehe, rudi nyumbani. Usiponisamehe, nitakuja tena wiki ijayo, na nyingine.

Akasogeza mahindi pembeni. Halafu akasema, "Nipishe nikabandike maji. Umetoka mbali hujanywa kitu." Nikanywa chai yake, ndugu zangu. Vikombe viwili. Hakuna kilichonibana.

Yule pale kwenye benchi la mwisho, mwenye kilemba cheupe, ndiye mama yangu. Amerudi nyumbani. Niliyoyasema juu yake hapa mwaka juzi nimeyafuta leo mbele zenu na mbele za Mungu. Nisamehe mama.

Mgonjwa aliyeko hapa, omba, usiache kuomba. Na ukifika hospitali sema kila kitu kilichopita mdomoni mwako, hata cha dukani, hata cha jirani, usijiamulie mwenyewe kipi ni dawa. Na ukiambiwa neno usilolielewa, uliza. Mungu haoni aibu ukiuliza.

Kwa kawaida shahidi akimaliza husema, anayetaka kumwamini Bwana anyooshe mkono. Mimi leo sitaki mikono. Mama ameamka mapema, amepika wali na kuku watatu, amepika yeye mwenyewe kuanzia kuchinja hadi chumvi. Nyumba yangu mnaijua, ni hapo chini tu ya kilima. Tuliokataa chai yake ndio tunaoalikwa, na mimi nitakula wa kwanza. Anayemwamini Mungu aliyeniponya, ibada ikiisha aje na mkono wake uliooshwa.

Mama, tangulia ukafunue sufuria.